Grini ya Nyasi Bandia Uani: Je, Tumwage Zege?

Swali: "Mimi ni mstaafu na naishi Tudor, Mombasa. Uani nina nafasi ya mita 7 kwa 10 ambayo nyasi zake zimekufa kwa kukosa maji. Nataka kuweka grini ndogo ya nyasi bandia, yaani uwanja mdogo wa gofu wenye mashimo, ili nifanye mazoezi ya kuputi (kuuviringisha mpira hadi shimoni) asubuhi, kwa kuwa siku hizi siendi uwanjani kila wiki. Fundi wangu ameshauri tumwage zege la inchi nne, kisha tugandishe kapeti ya nyasi juu yake kwa gundi, nayo anasema ni kazi ya siku mbili. Muuzaji naye anasema nyasi za milimita 35 ndizo bora kwa kuwa ni laini na zinapendeza macho. Je, niwafuate?"

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Natanguliza jawabu ili usisubiri: fundi wako usimfuate katika zege, na muuzaji usimfuate katika urefu wa nyasi, ingawa utaona huko mbele kwamba kila mmoja wao ana fungu lake katika kazi hii. Yaliyobaki ni sababu, pamoja na namna ambavyo ningeifanya kazi hiyo mwenyewe kama ua huo ungekuwa wangu.

Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93. Ukiupiga kwa nguvu, hupita juu ya kasoro nyingi bila kuzijali. Lakini katika mita ya mwisho kabla ya shimo, unapokuwa umechoka, kijinundu cha milimita tatu tu kinatosha kuupeleka pembeni. Nyasi fupi haziwezi kukisahihisha kijinundu hicho, kwa sababu kapeti hufuata umbo la kilicho chini yake kama shuka inavyofuata umbo la godoro. Zamani katika viwanja vingi vya Afrika vilivyokosa maji, grini hazikuwa na nyasi hata unyasi mmoja: zilikuwa za mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa kwa reki, wachezaji wakaziita brauni, na watu wakaputi juu yake miaka na miaka. Mchanga ulitosha kwa kuwa ardhi ilikuwa imesawazishwa. Kwa hiyo, mtu anaponiuliza anunue nyasi gani, mimi humuuliza kwanza msingi wake utakuwa wa nini.

Hata hivyo suala la nyasi lina jibu fupi, nami nilimalize. Grini hai hukatwa kwa urefu wa milimita tatu au nne, karibu kila siku, kwa mashine ya visu vya mviringo; ndiyo maana grini hai nyumbani ni mzigo hata kwa mwenye maji ya kutosha, seuze sisi tunaosubiri maji ya mfereji kwa zamu na kununua ya boza. Nyasi bandia za kuputi huwa na urefu wa milimita 10 hadi 15 na hushonwa kwa msongamano mkubwa, kiasi kwamba ukizipanua kwa vidole huoni kwa urahisi kitambaa cha chini. Zile za milimita 35 alizokuonyesha muuzaji ni za bustani. Mpira ukiingia humo huzama hadi kiunoni na kusimama. Kati ya nyuzi za kuputi, zipo za nailoni, ambazo ni ngumu, hustahimili kukanyagwa na nyingine hazihitaji kujazwa mchanga. Na zipo za polipropilini, ambazo ni za bei nafuu lakini ni lazima zijazwe mchanga ndipo zisimame na kuupa mpira njia. Kwa jua letu, muulize muuzaji kama nyuzi zimetiwa kinga ya miale ya jua, akupe dhamana hiyo kwa maandishi, na akuuzie kipande cha nusu mita kwanza. Kitandike kipande hicho juu ya sakafu ya marumaru, uviringishe mpira. Ukiona unatetemeka au kupinda wakati sakafu ni sawa, kapeti hiyo iache dukani.

Sasa zege. Simlaumu fundi wako, maana amejifunza kwamba kitu kigumu na cha kudumu ni zege, na kwa nyumba hakukosea. Kwa grini, taabu ya kwanza ni maji. Msingi wa grini yako, kama nitakavyoeleza, utakuwa na eneo la mita za mraba 45 hivi. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuimwaga kwa siku moja bila kutushangaza, itashusha juu ya eneo hilo lita 2,250 za maji. Kapeti ya nyasi ina vitundu chini vya kupitishia maji, lakini vitundu hivyo vikikutana na zege, maji hayana pa kwenda ila kutambaa polepole kati ya zege na kapeti hadi ukingoni. Hapo katikati hubaki unyevu, unyevu huota ukungu, na gundi huanza kuachia. Ongeza mkojo wa paka, nasi Mombasa paka hatujapungukiwa, na baada ya miezi michache ua utakuwa na harufu ambayo hakuna sabuni itakayoifikia.

Taabu ya pili ni kwamba zege halisamehe makosa. Fundi mzuri akilisawazisha kwa mwiko na ubao, uso wake huwa na mawimbi madogo ambayo sebuleni huyaoni kwa kuwa kuna vigae na viti. Mpira utayaona yote. Msingi wa kokoto ukikosewa, unainua kapeti, unaongeza au kukwangua, unashindilia, unairudisha. Zege likikosewa, unaita watu wenye nyundo. Vivyo hivyo kwa mashimo: ukiyachoka mahali yalipo, kwenye kokoto unahamisha kwa asubuhi moja, na kwenye zege unatafuta mashine ya kutoboa. Tena zege hushika joto la mchana na kulitoa jioni, saa ambayo ungependa kutoka na fimbo yako ya gofu.

Zege kama msingi nalikubali mahali pamoja tu, nako ni pale ambapo tayari lipo, kama vile juu ya dari za nyumba zetu za mapaa bapa au baraza ya zamani. Hapo huwekwa kwanza mkeka wa plastiki wenye matundu, wa kuachia nafasi ya maji kupita, kisha kapeti. Wewe una ardhi, itumie.

Nayo ardhi yako ni ya kheri. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una vitundu na nyufa zinazopokea maji vizuri. Ukichimba ukagonga jiwe la matumbawe karibu, usihangaike kuling'oa lote. Vunja vichwa vinavyojitokeza kwa mtaimbo, jaza mabonde, uendelee. Ndugu zetu wa Changamwe na Miritini, ambako udongo una mfinyanzi, wana kazi zaidi, kwa sababu mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na huko ningechimba zaidi na kulaza bomba lenye matundu la kutolea maji. Kabla hujaweka jembe chini, tafuta mfuniko wa shimo la maji machafu, njia ya bomba la mfereji, na kisima kama kipo. Nimeona mtu akifunika mfuniko wa shimo la choo chini ya kapeti ya thamani, kisha siku lori la kunyonya lilipofika, kila mtu akawa anakumbuka mahali tofauti.

Mpango wangu kwa ua wako ni huu. Roli nyingi za nyasi za kuputi huwa na upana wa mita 4 au karibu na hapo. Badala ya kuchora umbo la kuvutia kwenye karatasi na kulazimika kuunganisha vipande viwili, fanya grini yenyewe iwe mita 4 kwa 8, pembe zake zikatwe kwa mviringo, ili pasiwe na mshono wowote mahali mpira unapopita. Mshono hata ukifanywa na bingwa, baada ya miaka miwili ya jua huanza kujulikana. Kuzunguka grini weka kola ya nusu mita pande zote, na hapo ndipo nyasi za milimita 35 za muuzaji wako zinapopata heshima yake: zinauzuia mpira uliozidi nguvu na zinaficha ukingo. Msingi basi unakuwa mita 5 kwa 9, na bado unabakiwa na njia ya kupita na mahali pa kuanikia nguo, jambo ambalo wenye nyumba wanaume hulisahau hadi wakumbushwe.

Chimba sentimita 12. Nyasi zilizokufa zinaondoka na udongo, lakini kama una ndago, na sijaona ua wa Mombasa usio na ndago, usitosheke na kukata majani. Ndago huishi kwenye vijiazi vyake vilivyo chini, na chipukizi lake lina ncha kali inayoweza kutoboa hata kitambaa kizito na kuinuka katikati ya grini yako kama msumari. Chimbua vijiazi, chekecha udongo kwa mkono ikibidi, mwagilia maji, subiri wiki mbili au tatu uone kinachochipuka, kisha ukichimbue tena. Hapa ndipo siku mbili za fundi wako zinapokwisha kabla kazi haijaanza, nami nakushauri uzikubali ziishe.

Baada ya kusawazisha na kushindilia chini ya shimo, tandika kitambaa cha kuchujia, kile cheupe au cheusi kinachofanana na blanketi jembamba na kinachopitisha maji. Kazi yake ni kuzuia mchanga wa chini usipande na kuchanganyika na kokoto. Usikubali kuwekewa karatasi ya nailoni kama ile inayotandikwa chini ya sakafu ya nyumba. Hiyo ni kutengeneza beseni. Juu ya kitambaa mwaga kokoto zilizosagwa za ukubwa mchanganyiko, kuanzia milimita 20 hadi zile ndogo kabisa, kwa sababu ndogo hujaza nafasi kati ya kubwa na zote hushikana. Kokoto za mviringo za aina moja haziwezi kushikana, zinateleza kama golori. Unahitaji unene wa sentimita 10 baada ya kushindilia, yaani mita za ujazo 4.5, na kwa kuwa kokoto hupungua zikishindiliwa, agiza mita za ujazo 6 hivi, karibu tani 9. Mwaga kwa tabaka mbili za sentimita tano, usimwage zote kwa mara moja, na kila tabaka uinyunyizie maji kidogo kabla ya kupitisha mashine ya kushindilia. Mashine hiyo hukodishwa kwa siku, ni ile ile ya mafundi wa kabro. Kushindilia kwa gogo la mnazi na mikono ya vijana wanne nimekuona kukifanywa, na matokeo yake ni uwanja ulio mgumu pale vijana walipokuwa na nguvu na laini pale walipochoka.

Tabaka la mwisho ndilo grini yenyewe. Kapeti ni kifuniko tu. Ni vumbi la kokoto, lile linalobaki machimboni baada ya kusaga mawe, sentimita tatu, karibu mita za ujazo mbili kabla ya kushindilia. Mteremko wa jumla uwe sentimita moja na nusu kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba; kwa upana wako wa mita 5, upande wa chini utakuwa chini kwa sentimita 7.5. Mteremko huo unatosha kutoa maji na unatosha kuupinda mpira ili mazoezi yawe na maana. Ukitaka kilima kidogo, kiweke pembeni, na katika duara la mita moja kuzunguka kila shimo mteremko usizidi sentimita mbili kwa mita wala usibadilike ghafla, la sivyo mpira utakaokosa shimo utakuwa ukirudi miguuni kwako.

Katika kupima, mafundi wetu wana kifaa ambacho sijakipata mbadala wake kwa bei hiyo, nacho ni mpira wa maji unaoonyesha ndani. Jaza maji, toa mapovu yote, watu wawili washike ncha mbili; maji yatasimama kimo kimoja pande zote hata kama ua una kona na mti katikati. Mmoja anasimama kwenye kigingi cha juu, mwenzake anatembea kutoka kigingi hadi kigingi na kutia alama. Tia vigingi kila mita moja na nusu, funga uzi, kisha vuta vumbi kwa ubao ulionyooka wa mita mbili. Baada ya kushindilia, laza ubao huo juu ya uso kila upande: ukiweza kupitisha penseli chini yake mahali ambapo hukukusudia bonde, hapo hapajawa tayari.

Kisha ngoja usiku. Jambo hili mafundi hulicheka hadi walione. Zima taa za uani, laza tochi chini kabisa ili mwanga wake utambae juu ya vumbi, nawe simama upande wa pili. Kila kinundu kitatupa kivuli kirefu kuliko chenyewe, na kila shimo litakuwa doa jeusi. Nilipojaribu mara ya kwanza kwenye kazi niliyoamini imekwisha, nilihesabu nyayo zangu mwenyewe kumi na moja. Asubuhi yake mwaga ndoo ya maji upande wa juu, utazame njia yake. Mwisho chukua fimbo na mipira yako uputi juu ya vumbi lenyewe, bila kapeti. Mpira ukienda njia uliyoitarajia, msingi wako umepita mtihani. Usipoenda, kapeti haitakuokoa.

Nina kosa langu la kusimulia hapa, maana ulipaji wake niliufanya mimi. Kazi moja niliimaliza wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu, na kila kipimo kilikuwa sawa. Sikuinua macho kutazama paa. Bomba la kushushia maji ya mvua lilikuwa limeishia ukutani, kimo cha goti, likielekea kwenye kona ya grini. Ilipofika Mei, maji ya paa zima yalitua hapo kwa wiki kadhaa, yakapenya chini ya kapeti, yakabeba vumbi la kokoto kidogo kidogo hadi upande wa pili. Juu kapeti ilibaki nzuri kama siku ya kwanza, ila ukiikanyaga mguu unazama. Nilifungua theluthi moja ya grini kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchimba, nauliza maji ya paa yanakwenda wapi. Nawe peleka bomba lako kwenye tangi, kwani kwa hali ya maji yetu hayo ni mali, au kwenye shimo la mawe lililo mbali na grini. Uso uliomalizika uwe juu ya ardhi inayouzunguka kwa sentimita mbili hivi, ili matope ya mvua yasitiririkie ndani.

Mashimo: matatu yanakutosha. Kipenyo cha shimo la gofu ni milimita 108 na kina chake kisipungue milimita 101.6, nawe ununue vikombe vya kipimo hicho hicho, usikubali vile vya mapambo vilivyo vikubwa kwa kuwa vitakudanganya. Chukua vya plastiki. Vya alumini vinavutia, lakini hewa yetu ya chumvi huvitoboa kama ilivyotoboa mabati ya kila mtu. Kikombe kizikwe kwenye msingi kabla ya kapeti, chini yake pakiwa na kokoto tupu za kumeza maji, na kizungushiwe zege kidogo kisiyumbe. Kanuni za gofu zinataka ukingo wa kikombe uwe chini ya uso kwa angalau milimita 25.4; nyumbani hakuna mwamuzi, lakini hakikisha hausimami sambamba na nyasi, maana mpira utaugonga na kuruka. Shimo lisiwe karibu na ukingo wa grini kwa chini ya sentimita 75, na mawili yawekwe ncha mbali mbali ili upate puti ndefu ya mita sita hivi. Puti hiyo ndefu ndiyo ninayoikosa katika grini nyingi za nyumbani. Watu huweka mashimo matano katikati, kisha kila puti inakuwa ya mita moja na nusu, na baada ya mwezi wanachoka.

Siku ya kutandika kapeti, anza alfajiri. Ikunjue juu ya msingi siku iliyotangulia au angalau saa kadhaa mapema, ili makunyanzi yalale na kapeti izoee joto. Nyuzi hizi hutanuka juani, hivyo ukiikata saa sita mchana ikiwa imetanuka na kuivuta kidogo, usiku itanywea na kuachana na kola. Kata kutoka upande wa nyuma, ukifuata mstari kati ya mishono, kwa kisu chenye makali mapya, na ubadilishe wembe mara kwa mara bila ubahili. Kola na grini zilalie upande mmoja. Nyasi zikilala pande mbili utaona rangi mbili. Gundi inahitajika pale tu kola inapokutana na grini, juu ya utepe maalumu, na ipakwe wakati umande umekwisha kukauka. Mshono huo hauko njiani mwa mpira, kwa hiyo usiku utalala kwa amani. Ukingoni tumia misumari isiyoshika kutu. Ile ya kawaida, hata iliyopakwa zinki, kwa umbali wako kutoka Tudor Creek haitadumu sana. Ukingo wa mbao usiuweke kabisa, maana mchwa hawabagui. Safu ya matofali ya kabro inatosha na inapendeza.

Ikiwa umechukua nyasi za polipropilini, sasa unajaza mchanga. Uwe mchanga wa silika, mkavu, wenye chembe za mviringo, uliooshwa. Ule wa ufuoni una chumvi na vipande vya makombe vyenye ncha, hushika unyevu na kugandana, na kuuzoa ni kesi nyingine. Kwa mita zako za mraba 32, kadiria kilo 12 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu kilo 384 au mifuko minane ya kilo 50. Usimwage mfuko mmoja mahali pamoja. Nyunyiza kama anayelisha kuku, piga ufagio mgumu kinyume na mlalo wa nyasi ili chembe zishuke chini, nyunyiza tena, piga tena, hata mara saba au nane, hadi ncha za nyasi tu ndizo zinazoonekana.

Hapo ndipo unapoamua kasi. Mwaka 1935 Mmarekani aitwaye Edward Stimpson, baada ya kutazama mashindano ya U.S. Open kule Oakmont na kuona wachezaji hodari wakishindwa na grini, alibuni kifaa cha kupimia kasi ambacho mpaka leo kinaitwa Stimpmeter: mfereji wa urefu wa inchi 36, unaoinuliwa polepole hadi mpira ujiachie wenyewe, kisha umbali uliokwenda unapimwa kwa futi. Unapima ukielekea upande mmoja, halafu upande wa pili, unachukua wastani. Seremala yeyote anaweza kukutengenezea mfereji wa mbao unaofanana nao. Hautakuwa sahihi kama wa chama cha gofu, lakini utakuonyesha kama grini yako ya leo ni ile ya mwezi uliopita. Futi tisa au kumi, yaani mita tatu hivi, inakutosha, na kama bado unapita Mombasa Golf Club au Nyali mara mojamoja, pima hisia yako ya huko na uilinganishe na ya uani. Grini ikiwa nzito, ongeza mchanga na upitishe roli ya kukandamiza. Ikiwa ya kasi mno, piga ufagio uinue nyasi. Nyasi bandia huweza kuwa za kasi, na wanaume wazima wameniitia kasoro hiyo kumbe ni mikono yao iliyozoea grini nzito.

Usitarajie grini hii ikufundishe mapigo ya kuinua mpira kutoka mbali. Mpira ukitua juu ya nyasi fupi zenye kokoto chini huruka kuliko kwenye grini hai, na katika ua wa mita 10 kinachofuata ni dirisha la jirani.

Matunzo ni machache. Fagia majani kila siku mbili, hasa ukiwa na mkungu au mwarobaini karibu, kwa kuwa majani yakioza hugeuka udongo na udongo huota ndago. Osha kwa maji baridi baada ya wiki za upepo wa kusi, na mahali paka walipojisaidia osha siku hiyo hiyo. Jiko la mkaa la mishkaki likae mbali, cheche moja huacha tundu jeusi lisilofutika. Kama mkabala wako pamejengwa ghorofa lenye vioo vinavyoakisi, tazama saa sita hadi saa tisa mwanga wake unapotua. Mwale huo unaweza kuyeyusha nyuzi. Na mchana wa Februari usitoke pekupeku, kwani nyasi bandia chini ya jua kali huweza kupita nyuzi 60 za joto. Zimwagie maji zitapoa, lakini kwa dakika chache tu. Afadhali uputi baada ya sala ya alfajiri au baada ya alasiri, ukimaliza kabla mbu hawajafika.

Kuhusu fundi wako, usimfukuze. Mwambie zege lake linahitajika: la kushikia kabro za ukingo pande zote, mita 28 kwa jumla, na la kuzungushia vikombe vitatu. Mifuko mitatu ya saruji itamtosha. Siku zake mbili mpe nne, mbali na zile wiki za kuwinda ndago, na siku ya tatu jioni mwombe abaki hadi giza liingie, aje na tochi yake.